Je, Imani Inaweza Kuandikwa Kwenye Rejista?

Masomo: 1 Samweli 3:1–10, 2 Wafalme 4:1–7 na 38–41, Danieli 1



Kuna swali ambalo limeletwa mbele ya kamati ya elimu ya kanisa letu. Kabla hatujalipigia kura, wazee wameniomba niandike machache hapa ili kila mshirika asome na kuomba. Swali lenyewe ni hili: vijana wetu wanaosoma katika vyuo vya Kikristo kwa basari ya kanisa, je, tuwadai walete karatasi ya mahudhurio ya ibada kila mwisho wa muhula? Na yule ambaye karatasi yake ina mapengo mengi, basari yake isimamishwe?

Ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni swali la pesa. Lakini ukikaa nalo, unaona linagusa imani yenyewe. Linauliza kama imani ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukupimia, kukudai, na kukikatia risiti.

Naandika kama mtu aliyewahi kuishika hiyo rejista mkononi. Kwa miaka 9 nilikuwa msimamizi wa bweni la wavulana katika chuo kidogo cha Kikristo, wanafunzi kama 300 hivi. Ibada ya chuo ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, na ilikuwa ya lazima. Kila bweni lina karatasi yake, kila mwanafunzi anatia sahihi akiingia, na msimamizi anakusanya. Kwa hivyo ninayosema hapa sikuyasoma mahali. Niliyaona yakipita mbele yangu mara mbili kwa wiki.

Maisha ya chuo kidogo

Wengi wetu tukisikia chuo tunafikiria zile taasisi kubwa za mjini, wanafunzi maelfu, kila mtu na shughuli zake. Chuo kidogo ni kama kijiji. Mkuu wa chuo anakujua kwa jina na anamjua mama yako. Mpishi anajua nani hakuja kula jana. Mkopo wa HELB ukichelewa, chuo kizima kinajua, kwa sababu foleni ya githeri inarefuka na ile ya kibanda cha chapati inaisha. Vijana wanachangishana kununua gesi. Kuna viatu vyeusi nilivyovijua vizuri sana, maana kila wiki ya mahojiano ya kazi vilitembea na miguu tofauti.

Hiyo ni baraka, wapendwa. Mtoto akiugua usiku, mlango unagongwa. Akifiwa, basi linajaa wanafunzi wenzake wanaokwenda mazishini.

Lakini kijiji pia kina uzito wake. Hakuna pa kujificha. Katika chuo kikubwa kijana anaweza kuacha kuomba na hakuna atakayejua. Katika chuo kidogo anaweza kuacha kuomba na bado aendelee kuongoza sifa na kuabudu, kwa sababu jina lake liko kwenye zamu, na akiacha zamu watu wataanza kuuliza. Wote wawili wako hatarini, ila huyu wa pili hatumwoni.

Tukumbuke pia kwamba walio ndani ya vyuo hivi hawakuingia wote kwa mlango wa imani. Kuna waliofuata kozi, kuna waliofuata karo nafuu, kuna waliopelekwa na mzazi. Na mwaka wa 2016 serikali ilipoanza kupanga wanafunzi wake katika vyuo vikuu vya kibinafsi pia, wako walioletwa na kompyuta tu. Nimeketi meza moja na kijana Mwislamu aliyekuwa akisoma ualimu katika chuo chenye msalaba juu ya lango. Alikuwa na adabu kuliko wengi.

Lazima si adui wa Roho

Sasa, kuna ndugu watasema: basi ibada ya lazima ni unafiki mtupu, iondolewe. Hapo sikubali haraka.

Wengi wenu mnakumbuka habari za Asbury. Ni chuo kidogo cha Kikristo katika mji wa Wilmore, jimbo la Kentucky, Marekani. Mji wenyewe una watu kama 6,000 tu. Jumatano tarehe 8 Februari 2023 wanafunzi waliingia katika ukumbi wa Hughes kwa ibada yao ya kawaida, ile ya lazima, ambayo mwanafunzi huhesabiwa. Somo lilikuwa Warumi 12. Mhubiri mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitoka pale akidhani mahubiri yake hayakufaulu. Ibada ikafungwa, wengi wakaenda darasani. Wachache wakabaki wakiimba na kuomba. Wenzao wakasikia, wakarudi. Kuomba huko kukaendelea usiku na mchana kwa karibu wiki mbili, na watu makumi ya maelfu wakafika katika mji huo mdogo kutoka nchi nyingi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Februari 1970, katika ukumbi huo huo, ibada ya asubuhi ya kawaida ilikataa kuisha, hata masomo yakasimama kwa karibu wiki nzima.

Kwa hivyo mtu asituambie kwamba Roho Mtakatifu hawezi kuingia mahali penye rejista. Anaweza, na ameingia.

Lakini tazameni vizuri. Lazima iliwafikisha wale vijana mpaka saa ya kufunga ibada. Ukishafungwa mkutano, umetimiza wajibu, uko huru kwenda. Waliobaki baada ya hapo hawakubakishwa na rejista yoyote. Kile tunachokiita uamsho kilianza pale sheria ya chuo ilipoishia.

Jambo hili ninaliona pia kwa Samweli. Hana alipomleta mtoto wake Shilo, hakumwuliza kama anataka. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa juzi tu! Aliwekwa hekaluni na mama yake, akavikwa kanzu na mama yake. Alihudumu, alifungua milango, alilala karibu na sanduku la Mungu. Mahudhurio yake tungeyaandika asilimia 100. Na bado Biblia, katika 1 Samweli 3:7, inatuambia wazi kwamba Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana.

Hebu tuuchukue mstari huo polepole. Mtoto anaishi hekaluni, na Bwana bado hajamjua. Mama alifanya sehemu yake yote, na sehemu moja ilibaki ambayo Hana hangeweza kumfanyia.

Usiku ule alipoitwa, alimkimbilia Eli mara tatu. Mzee Eli alikuwa na udhaifu mwingi, lakini usiku huo alifanya jambo ambalo kila mwalimu na kila mzazi angelijifunza. Hakumwitikia Mungu kwa niaba ya mtoto. Hakusema, kaa hapa nikuongoze sala. Alimwambia arudi akalale mahali pake, na akiitwa tena aitike mwenyewe. Kumleta mtoto karibu na sauti ni kazi yetu. Kuitika si kazi yetu.

Kile rejista haioni

Nilikuwa na kijana mmoja bwenini, sitamtaja jina. Kwa mihula mitatu hakukosa ibada hata moja. Karatasi yake ilikuwa safi kabisa. Jioni moja tulikuwa jikoni tukingoja maji yachemke, akaniambia, "Baba, unajua pale ukumbini kuna balbu 24? Mbili zimeungua."

Nikamwuliza amezijuaje.

"Nazihesabu. Tangu tumzike mama siwezi kuomba. Nikifunga macho naona kaburi. Kwa hivyo nafungua macho, nahesabu balbu mpaka mchungaji aseme amina."

"Umemwambia nani?"

"Nitamwambia nani, Baba? Mimi ndiye katibu wa maombi."

Wapendwa, huyo ndiye tungempa basari bila swali. Rejista ilisema yuko sawa. Wala rejista haikusema uongo, kwa sababu kweli alikuwepo. Lakini mtu alikuwa akizama mbele ya macho yetu, na karatasi ilikuwa inatuambia tusiwe na wasiwasi.

Na kuna wale wa aina nyingine, waliotiliana sahihi. Mmoja anaingia ibadani na kuandika majina manne. Nilizijua hati zao za mkono moja baada ya nyingine. Sikilizeni uchungu wa jambo hili: tunaweka sheria ili kijana akutane na Mungu wa kweli, halafu kijana anajifunza kughushi sahihi mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Kosa ni lake, ndiyo. Lakini nasi tujiulize ni adhabu ya namna gani tumeweka juu ya mlango huo, hata uongo ukawa ndiyo njia rahisi ya kupita.

Sasa fikirini tukiongeza basari juu yake. Kwa mtoto wa mama anayefua nguo za watu, basari si zawadi ndogo. Ni tofauti ya kufanya mtihani na kurudishwa nyumbani. Tukisema kwamba basari inategemea ibada, tumemweka njia panda. Akisema ukweli, kwamba imani yake imetikisika, anapoteza masomo. Akijifanya, anaendelea kulipiwa. Ina maana tutakuwa tunamwadhibu msema kweli na kumlipa anayejifanya, na tutafanya hivyo kwa sadaka iliyoombewa madhabahuni.

Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na imani, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Simaanishi kwamba chuo kinachoweka ibada kinavunja sheria. Mwanafunzi anaingia akijua taratibu za nyumba hiyo. Nasema tu kwamba kanisa lisijikute likiheshimu dhamiri ya kijana kidogo kuliko serikali inavyoiheshimu.

Gehazi na Danieli

Kama kuwa karibu na madhabahu kungetosha, Gehazi angekuwa mtakatifu mkuu. Alikula na Elisha, alisafiri na Elisha, aliona mtoto wa Mshunami amefufuka. Lakini Naamani alipoondoka, Gehazi alimkimbilia nyuma akadanganya kwa ajili ya fedha na mavazi. Chuo chake kilikuwa bora kuliko vyote nchini, na mwalimu wake alikuwa nabii.

Halafu mtazameni Danieli. Alipelekwa chuo cha Babeli kwa nguvu, masomo ya miaka 3. Lugha ya kigeni, vitabu vya kigeni, hata jina wakambadilishia. Hakukuwa na mchungaji wa wanafunzi, wala kesha ya Ijumaa. Chakula chenyewe kilikuwa mtihani. Lakini Danieli aliazimia moyoni mwake. Na miaka mingi baadaye, katika sura ya 6, tunamkuta bado anapiga magoti mara tatu kwa siku, sasa ikiwa ni marufuku.

Mzazi mwenzangu, usinielewe vibaya. Sikwambii umpeleke mtoto Babeli. Nakwambia kwamba ukilipa karo ya chuo cha Kikristo, umelipia mahali pazuri, walimu wanaomcha Mungu, na marafiki wa maombi. Ni vitu vya thamani. Imani ya mtoto wako haimo kwenye ile risiti.

Elisha alifanya nini na wanafunzi wake

Watu husahau kwamba Biblia ina habari za chuo kidogo. Wana wa manabii walikuwa wanafunzi hasa, na matatizo yao ni yale yale niliyoyaona bwenini. Katika 2 Wafalme 4, mjane wa mmoja wao analia kwa sababu ya deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili. Katika sura hiyo hiyo kuna njaa, mwanafunzi anaokota matango mwitu, mboga inaharibika, na wenzake wanapiga kelele kwamba kuna mauti chunguni. Katika sura ya 6 mahali pa kukaa pamekuwa padogo, wanakwenda kukata miti Yordani, na mmoja anaangusha majini chuma cha shoka. Shoka lenyewe ni la kuazima!

Deni, chakula, bweni, na kitu cha kuazima kilichopotea. Mwanafunzi wa Kenya anawaelewa hawa ndugu kabisa.

Na Elisha? Mjane alimwambia kwamba marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, na Elisha hakutaka karatasi ya kuthibitisha. Aliuliza kuna nini nyumbani, na mafuta yakalipa deni. Kwenye chungu alitia unga. Kwenye ujenzi aliombwa aende pamoja nao, akaenda. Yaani alikuwa pale msituni, ndiyo maana shoka lilipozama alikuwa karibu kuuliza limeangukia wapi.

Nawaomba tushike hapo. Elisha aliwajua wanafunzi wake kwa kukaa nao.

Haki ya mama wa mboga

Mzee mmoja kwenye kamati alisema neno zito, na ninalirudia hapa kwa heshima. Alisema, "Ndugu, hii pesa si yetu. Ni ya mama anayeuza sukuma pale stejini na kutoa shilingi 50 kila Jumapili. Yeye hana haki ya kujua kama huyo kijana anamheshimu Mungu?"

Mzee wetu ana hoja. Sadaka ni kitu kitakatifu, na anayepewa lazima atoe hesabu. Lakini tutofautishe hesabu ya namna mbili. Mama wa mboga ana haki ya kujua kwamba karo ililipwa chuoni, si mahali pengine. Ana haki ya kuona matokeo ya mtihani. Ana haki ya kusikia kwamba kijana hanywi pesa hiyo. Hayo tudai, na tudai kwa ukali. Lakini shilingi 50 haikununua roho ya mtu. Mama mwenyewe hakuitoa kwa ajili hiyo, alimtolea Bwana.

Na nikimwangalia huyo mama, nadhani angefurahi zaidi kijana akirudi likizo apite kibandani kwake amsalimu, amwambie, "Shikamoo mama, masomo ni magumu na kuomba pia kumekuwa kugumu, niombee." Hiyo ndiyo taarifa ambayo hakuna karatasi ya chuo itakayomletea.

Pendekezo langu

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyaweka mbele yenu muyapime kwa Neno.

Kwanza, vyuo viendelee na utaratibu wao wa ibada, na vijana wetu wauheshimu. Ukikubali kuishi katika nyumba, unafuata taratibu zake. Lakini kanisa lisiombe ile karatasi, wala lisiifunge na basari.

Pili, kila mwanafunzi anayesaidiwa apewe mtu mzima mmoja wa kanisa hili wa kumpigia simu, na angalau mara moja kwa muhula kumtembelea. Aende na unga na mafuta kama Elisha, asiende na maswali ya upelelezi.

Tatu, kila likizo tuwe na Jumamosi moja ya vijana wa vyuo, ambapo mtu anaweza kusema "siamini jambo hili kwa sasa" na asitajwe kwenye mahubiri ya kesho yake. Tomaso alisema wazi kwamba hataamini mpaka aguse makovu. Wenzake hawakumfukuza, na siku 8 baadaye alikuwa bado pamoja nao chumbani, na Yesu akaja. Wangemtoa nje, Yesu angemkuta wapi?

Najua njia hii ina gharama. Tutasaidia baadhi ya vijana wasiorudi kanisani. Watasoma kwa pesa yetu, watahitimu, na hatutawaona tena. Itatuuma. Lakini Bwana wetu aliwaponya wenye ukoma 10, akarudi mmoja kushukuru. Aliuliza wale 9 wako wapi, maana na yeye alitaka warudi. Lakini hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma wao.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma haya mkiwa likizo: sijawafungulia mlango wa kukwepa ibada. Nawaambia jambo gumu zaidi. Sahihi yako mwenzako anaweza kukutilia. Mtihani unaweza kurudia. Deni la HELB unaweza kulipa pole pole. Lakini utakapoitwa kwa jina lako usiku, mama hatakuitikia, mchungaji hatakuitikia, wala kanisa lililokulipia karo halitakuitikia. Na kama kwa sasa unahesabu balbu, usikae na hesabu hiyo peke yako. Yule kijana wangu aliniambia siku ya mahafali, "Baba, asante kwa kutoniombea haraka siku ile. Uliniacha niongee kwanza." Tulikuwa tumeongea mpaka chai ikapoa, na wiki nyingi baada ya hapo.

Kura ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Njooni mkiwa mmeomba, na mje na majina ya wanafunzi wa mitaa yenu ambao hawajapata karo ya muhula huu. Neema ya Bwana iwe nanyi.